Baada ya Kengele ya Saa Tisa na Nusu: Mwongozo kwa Anayetaka Kuwasimamia Watoto Wahamiaji wa Kimumu

Barabara ya Iten ikishatoka katikati ya jiji la Eldoret hupita Kimumu, wadi ya eneobunge la Moiben yenye nyumba nyingi za kupanga na sare za shule za kila rangi. Kwa miaka mingi Eldoret, sawa na Kitale na Nakuru, imekuwa mahali ambapo familia za Sudan Kusini hupanga nyumba kwa sababu moja kuu: watoto wasome. Vita vilipozuka Juba Desemba 2013, na tena Julai 2016, idadi yao iliongezeka. Wapo pia Wakongomani, Wasomali na Waethiopia. Katika nyumba nyingi baba amebaki kwao akitafuta riziki na kutuma pesa zinapopatikana. Mama ndiye anayesimamia nyumba, na akisafiri, mzigo humwangukia dada mkubwa ambaye naye bado ni mwanafunzi.

Mtoto wa nyumba hiyo anaweza kuwa na mwalimu mzuri na bado akabaki nyuma. Akifika nyumbani hakuna anayeweza kumsaidia insha ya Kiswahili. Barua ya shule kuhusu usajili wa mtihani inamfikia mama asiyesoma Kiingereza. Tarehe ya mwisho inapita. Akimaliza shule ya upili, hakuna nyumbani aliyewahi kujaza fomu ya chuo cha Kenya. Mambo haya hutokea saa ambazo shule haimwoni, na ndiyo maana programu ya baada ya masomo ina kazi kubwa kuliko kukagua homuweki.

Mwongozo huu ni kwa mkazi anayetaka kuanzisha programu ya namna hiyo au kuiboresha iliyopo: mwalimu mstaafu, mwanafunzi wa chuo, mama wa chama, kiongozi wa kanisa au msikiti, au mzazi mhamiaji mwenyewe. Shauri lake kuu ni moja. Programu ile ile, yenye watu wale wale na kumbukumbu zile zile, imshike mtoto tangu Gredi ya 1 mpaka aingie chuoni. Programu inayomsaidia miaka miwili na kumwacha njiani humwacha pale pale ambapo wengi hupotea, yaani kwenye kuvuka kutoka ngazi moja kwenda nyingine.

Wa Kyangwali walivyofanya

Kabla ya kutafuta mfadhili, inafaa kujua yaliyowahi kufanywa na watu wasio na fedha. Mwaka 2005, katika makazi ya wakimbizi ya Kyangwali magharibi mwa Uganda, vijana wachache waliokimbia vita walianzisha chama kiitwacho CIYOTA. Jina la mwanzo la kundi lao, COBURWAS, liliunganisha herufi za majina ya nchi, zikiwemo Kongo, Burundi, Rwanda na Sudan. Mmoja wa waanzilishi alikuwa Joseph Munyambanza, aliyetoroka Kongo akiwa mtoto mdogo. Wao wenyewe walikuwa bado wanafunzi. Walichofanya ni kuwafundisha wadogo zao, kuwashawishi wazazi wasiwatoe wasichana shuleni, kisha kufungua shule ya msingi na kutafuta malazi karibu na shule za sekondari kwa waliofaulu. Munyambanza aliendelea hadi African Leadership Academy nchini Afrika Kusini, na baadaye Westminster College katika jimbo la Missouri, Marekani.

Hapo Kimumu ina la kujifunza. Nguvu ya CIYOTA ilitokana na mpangilio: aliyetangulia hatua moja anamfundisha anayemfuata, na aliyefika mbali harudi kama mgeni wa heshima tu, anarudi akiwa na kazi ya kufanya. Kijana wa Kidato cha Nne anaweza kumsomesha wa Gredi ya 5. Aliyemaliza KCSE Novemba ana miezi mingi kabla ya kujiunga na chuo, na miezi hiyo ni hazina ikiwa programu itamwita mapema na kumpa jukumu linalojulikana.

Kabla ya kufungua mlango

Anza kwa kuzunguka. Nenda kwa walimu wakuu wa shule za karibu, za umma na za kibinafsi, uwaulize ni watoto gani wanachelewa na katika jambo lipi. Mwone chifu na wazee wa mtaa, ili kikundi cha watoto wa kigeni kikikusanyika kila jioni pasiwe na uvumi. Zungumza na wazee wa jumuiya za wahamiaji zenyewe. Miongoni mwa Wasudan Kusini, neno la mzee wa jamii au la kiongozi wa kina mama hufungua milango ambayo bango halifungui. Na uwaulize kina mama saa gani wanamhitaji binti nyumbani, maana hilo ndilo litakaloamua kama wasichana watakuja au la.

Mahali pasiwe pa fahari. Ukumbi wa kanisa, darasa lililokopwa kutoka shule, au chumba cha mbele cha nyumba kubwa vinatosha, mradi pana choo, taa na mlango unaoonekana kutoka barabarani. Pakiwa shuleni, ni bora zaidi: mtoto havuki barabara, na mwalimu wake wa darasa anaweza kupita na kusema neno.

Kuhusu saa, fuata kanuni za nchi. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zinaweka masomo ya darasani kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa na nusu alasiri, kisha michezo na vyama vya shule hadi saa kumi na moja kasorobo. Usimnyang'anye mtoto mhamiaji uwanja wa mpira. Huko ndiko anakopata marafiki Wakenya. Ratiba inayofaa Kimumu ni ya awamu mbili: wadogo wa gredi za chini waje mara baada ya kuachiliwa, wakubwa waanze saa kumi na moja kasorobo. Wote wawe wameondoka saa kumi na mbili na robo, kwa kuwa giza Eldoret huingia karibu na saa moja, na msimu wa mvua ndefu jioni huwa na baridi na matope.

Wakati wa likizo tahadhari iongezeke. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza masomo ya likizo. Programu inaweza kuwa na kilabu cha kusoma vitabu, michezo ya kuigiza, ushauri na mazoezi ya lugha, lakini isigeuke kuwa shule ya kulipia likizoni. Sheria hiyo hiyo inakataza kumpiga mwanafunzi. Msimamizi anayeona kiboko kama njia ya haraka ya kunyamazisha chumba hafai, hata awe hodari wa hesabu kiasi gani.

Kikundi kijisajili. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inaruhusu watu wasiopungua kumi kusajili kikundi katika ofisi ya maendeleo ya jamii. Usajili huo unatosha kufungua akaunti ya benki na kuandika barua yenye uzito. Kuwa shirika la manufaa ya umma chini ya sheria ya PBO, iliyoanza kutumika Mei 2024, kunaweza kungoja mpaka kazi iwe kubwa.

Pima kwanza, panga baadaye

Kosa la kawaida ni kuwapanga watoto kwa gredi zao. Mhamiaji wa miaka kumi na mitatu huenda amewekwa Gredi ya 4 kwa sababu ya lugha, ilhali hesabu zake ni za Gredi ya 7. Mwingine yuko Gredi ya 6 kwa umri na hawezi kusoma aya moja kwa Kiswahili. Shirika la Pratham la India limeonyesha kwa miaka mingi kwamba watoto hupiga hatua haraka wakipangwa kwa kiwango walichofikia, na hapa Kenya shirika la Zizi Afrique limetumia njia hiyo hiyo. Kipimo ni chepesi na hakihitaji karatasi za mtihani: mtoto mmoja mmoja, mpe herufi, kisha silabi, kisha maneno, kisha aya, kisha hadithi fupi. Pale anapokwama ndipo kundi lake lilipo. Fanya hivyo kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, kila lugha peke yake, kwa sababu matokeo mara nyingi hayafanani. Rudia kila mwisho wa muhula na uandike tarehe.

Lugha ndiyo kazi kubwa, na kila jamii ina kikwazo chake. Mtoto wa Juba anaweza kuwa na Kidinka au Kinuer nyumbani, Kiarabu cha Juba kwa marafiki, na Kiingereza cha shule. Kiswahili, ambacho Kenya ni somo la lazima na ndicho kinachozungumzwa uwanjani na ndani ya matatu, hana kabisa. Aliyesoma kwanza kwa Kiarabu amezoea kuandika kutoka kulia kwenda kushoto, na mwalimu asiyejua hilo humwona mzembe. Mtoto wa Bukavu au Goma yeye anakuja na Kiswahili chepesi cha kuzungumza na Kifaransa cha darasani. Watu humdhania hana shida, mpaka karatasi ya sarufi irudi na alama nyekundu kila mstari. Hata hesabu zinaweza kumkwaza: amefundishwa kutumia mkato pale Mkenya anapoweka nukta ya desimali. Mwambie hivyo waziwazi siku ya kwanza. Kwamba alichojifunza kwao si makosa, ni desturi nyingine, na hapa karatasi inasahihishwa kwa desturi ya hapa. Watoto hupumua wakisikia hayo.

Katika kila kikao, nusu saa ya kwanza iwe ya kusoma kwa sauti na kuzungumza, kabla ya homuweki. Homuweki ikitangulia itameza muda wote. Wachanganye wawili wawili, mmoja mwenye Kiswahili na mmoja asiye nacho, na hapa watoto Wakenya wa mtaa ni wa lazima. Programu ya wageni peke yao itawafundisha kila kitu isipokuwa kuishi Kimumu. Ipo sababu nyingine nzito zaidi. Eldoret yenyewe inajua maana ya kufukuzwa: mapema mwaka 2008, baada ya uchaguzi, uwanja wa maonyesho wa mji huu ulijaa maelfu ya Wakenya waliokimbia makwao. Jirani ambaye mwanawe pia anahitaji msaada wa hesabu akiona wageni wakipewa uji na vitabu na wake akiachwa nje, kinyongo huanza hapo. Mgawanyo wowote wa nafasi ulio wazi, kwa mfano mtoto mmoja mwenyeji kwa kila mmoja mgeni, ni bora kuliko maneno matamu ya ujirani.

Kwa sababu hiyo hiyo, usiwaketishe Wadinka upande mmoja na Wanuer upande mwingine. Migawanyiko ya vita vya 2013 husafiri na watu. Lakini usiwalazimishe watoto kuzungumzia vita pia. Timu ya mpira iliyochanganywa hufanya kazi hiyo bila hotuba.

Mpira una historia nzuri katika shughuli hii. YARID, shirika lililoanzishwa Kampala mwaka 2007 na vijana wakimbizi wa Kikongomani, Robert Hakiza akiwa miongoni mwao, lilianza kwa kukusanya vijana uwanjani, kisha likafika kwenye masomo ya Kiingereza na ya kazi. Clarkston, karibu na Atlanta huko Marekani, Luma Mufleh, mhamiaji kutoka Jordan, alianzisha mwaka 2004 timu ya watoto wakimbizi iliyokuwa na wachezaji kutoka Kongo, Burundi, Sudan na kwingineko. Sharti lake lilijulikana na wote: asiyehudhuria masomo ya jioni hachezi. Timu hiyo baadaye ilizaa shule. Mahali kama Kimumu, ambapo wanariadha hupita wakielekea mazoezini Iten, michezo ni mlango ulio wazi tayari. Ila sharti la Clarkston lishikwe bila upendeleo, hata kwa mfungaji bora.

Karatasi

Hapa ndipo programu nyingi hulala. Katiba ya 2010, ibara ya 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na haisemi mtoto wa raia. Kenya pia ilitia saini Azimio la Djibouti la Desemba 2017, ambamo nchi za IGAD ziliahidi kuwaingiza wakimbizi katika mifumo ya kitaifa ya elimu. Haki ipo. Lakini usajili wa shule na wa mitihani ya KNEC, baraza la mitihani la taifa, hufanywa kwa hati, na hati za mtoto mhamiaji huwa na matatizo yanayojirudia.

La kwanza ni jina. Wasudan Kusini wengi hutumia jina la mtoto, la baba na la babu kwa mfuatano. Karani mmoja ataandika matatu, mwingine mawili, wa tatu atabadili tahajia. Miaka minane baadaye cheti cha mtihani hakilingani na pasipoti, na chuo kinamkataa kijana mpaka alete kiapo cha mahakamani. Siku mtoto anapojiunga na programu, kaa na mzazi, mkubaliane tahajia moja na mpangilio mmoja, uandike kwa herufi kubwa kwenye faili yake, na kila fomu ijayo ijazwe kwa kunakili kutoka hapo. La pili ni tarehe ya kuzaliwa. Wakimbizi wengi wameandikiwa Januari 1 kwa sababu hakuna aliyekuwa na siku kamili. Tarehe iliyokwisha kuandikwa katika hati rasmi ndiyo itumike kila mahali.

La tatu ni hadhi yake kisheria, na hili lataka uangalifu. Wapo walioingia kwa pasipoti kama raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Sudan Kusini ilijiunga nayo mwaka 2016 na Kongo mwaka 2022. Hawa wanahitaji pasi ya mwanafunzi kutoka Idara ya Uhamiaji, ambayo ina ofisi Eldoret. Wapo wakimbizi waliosajiliwa, wengi kupitia kambi ya Kakuma iliyofunguliwa mwaka 1992, na mambo yao yako chini ya Idara ya Huduma kwa Wakimbizi kwa mujibu wa Sheria ya Wakimbizi ya 2021. Mkimbizi wa kambini anahitaji kibali cha kusafiri na kuishi nje ya kambi, na programu inapaswa kuwakumbusha wazazi kukihuisha kabla hakijaisha. Wapo pia wasio na chochote. Kazi ya programu ni kumwelekeza mzazi ofisi inayohusika. Haina mamlaka ya kumfukuza mtoto wala ya kumchunguza.

Jambo moja lisemwe kwa wazazi mapema. Sheria ya 2021 inamruhusu mkimbizi kutoka nchi ya Jumuiya kuacha kwa hiari hadhi ya ukimbizi ili anufaike kama raia wa Jumuiya. Inaweza kuwafaa baadhi. Lakini ufadhili mwingine wa masomo ya juu hutolewa kwa mkimbizi aliyesajiliwa tu, kwa hiyo mwenye mtoto aliye karibu na chuo asifanye uamuzi huo bila ushauri wa mwanasheria anayelijua suala hili.

Nakala za hati zifungiwe kabatini. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kukusanya au kutangaza habari za mtoto, na picha ni sehemu ya habari hizo. Mwaka 2023 ofisi ya kamishna wa data iliitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini. Kwa mtoto aliyekimbia watu, picha yenye jina na mtaa ni hatari zaidi ya faini.

Vivuko vitatu

Kivuko cha kwanza ni Gredi ya 6. Mtihani wa KPSEA unaofanywa hapo huchangia asilimia 20 ya alama za mwisho za sekondari msingi. Kazi za shuleni za Gredi ya 7 na 8 huchangia 20 nyingine, na mtihani wa KJSEA wa Gredi ya 9, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025, asilimia 60. Maana yake ni kwamba mhamiaji anayejiunga Gredi ya 8 bila rekodi za nyuma ana pengo ambalo juhudi za Gredi ya 9 peke yake haziwezi kulijaza. Mzazi aulize shule mara moja, na KNEC kupitia shule, alama hizo zitahesabiwaje.

Kivuko cha pili ni uchaguzi wa mwelekeo wa sekondari pevu: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na spoti. Baba aliyeko Juba alisoma mfumo mwingine kabisa na huenda akadhani sayansi ndiyo elimu na mengine ni mchezo. Mpigie. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp kwa lugha anayoielewa, uliorekodiwa na kijana mkubwa wa programu, hufanya kazi kuliko barua. Eleza masomo ya kila mwelekeo na kazi zinazofuata, na useme bayana ni shule zipi za karibu zinazotoa mwelekeo huo. Mkutano mmoja wa wazazi wa Gredi ya 9 katika muhula wa kwanza ni wa lazima. Muhula wa tatu umeshachelewa.

Baada ya hapo wengi huenda shule za bweni, na programu hudhani kazi imekwisha. Hapana. Mpe kila mmoja mlezi wa kumtembelea siku ya wazazi, kwa kuwa mtoto asiyetembelewa huijua aibu ya siku hiyo. Jihadhari zaidi kwa ajili ya wasichana. Mradi wa KEEP, ulioendeshwa kuanzia mwaka 2013 na mashirika ya WUSC na Windle katika Dadaab, Kakuma na maeneo jirani, uliwapa wasichana masomo ya ziada wikendi na likizoni, na pia ulifanya kazi na wazazi kuhusu mizigo ya nyumbani. Kimumu, njia rahisi ni kumruhusu dada mkubwa aje na wadogo zake. Kona yenye mkeka, vitabu vya picha na msichana mwingine wa zamu ya kuwaangalia itamrudisha darasani yule ambaye angebaki nyumbani akilea.

Kivuko cha tatu ni chuo, na ndicho chenye mitego mingi. Mikopo ya HELB ni ya raia wa Kenya. Asiye raia aliyefanya KCSE vizuri atakuta wenzake wamepangwa vyuoni kwa msaada wa serikali na yeye anaambiwa ajilipie. Ajue hilo akiwa Kidato cha Tatu, si siku ya matokeo. Njia zilizopo zinahitaji maandalizi ya mwaka mzima. DAFI, ufadhili wa serikali ya Ujerumani kupitia UNHCR ulioanza mwaka 1992, hulipia shahada ya kwanza kwa mkimbizi aliyesajiliwa. Mpango wa WUSC, ulioanza mwaka 1978, huwapeleka wakimbizi vyuo vikuu vya Kanada, na nchini Kenya umechukua vijana kupitia Dadaab na Kakuma. Mastercard Foundation ina wafadhiliwa katika chuo kikuu cha USIU-Africa jijini Nairobi, na waliokimbia makwao wamo. Lengo la UNHCR ni asilimia 15 ya vijana wakimbizi duniani kuwa katika elimu ya juu ifikapo 2030. Mwaka 2019 walikuwa asilimia 3.

Asiyepata ufadhili asiambiwe kwamba safari imekwisha. Eldoret National Polytechnic iko hapa hapa, na kozi ya umeme, ya ushonaji au ya maabara yaweza kumpa kijana kipato ambacho baadaye kitalipia shahada. Mwenye cheti cha nchi nyingine, kwa mfano cha Sudan Kusini au Uganda, aanze mapema kutafuta ulinganisho wa cheti hicho na ngazi za Kenya. Chuo Kikuu cha Eldoret na Chuo Kikuu cha Moi viko karibu: panga ziara ukiwa na wanafunzi wa Gredi ya 9 na Kidato cha Tatu, wafike ofisi ya udahili, waulize wenyewe karo ya raia wa Afrika Mashariki ni kiasi gani. Kwenye vyuo hivyo ndiko watakakotoka pia wafunzaji wa kujitolea, hasa wanaosomea ualimu. Waandikie mkataba mfupi wa muhula mzima. Anayekuja wiki mbili na kupotea huwaumiza watoto ambao wameshaachwa na watu wengi.

Usalama, chai na daftari

Mtu mzima asikae peke yake na mtoto katika chumba kilichofungwa. Wawe wawili kila wakati. Kila anayejitolea alete cheti cha maadili mema kutoka DCI, ambacho huombwa kupitia eCitizen na alama za vidole kuchukuliwa katika Huduma Centre. Namba 116 ya kusaidia watoto, isiyolipishwa, iandikwe ukutani kwa lugha zote za watoto waliopo. Mtoto akisema ameumizwa, msikilize, usimhoji mara kumi, na upeleke taarifa kwa afisa wa watoto. Watoto wengine wameona mambo ambayo mwalimu wa jioni hana ujuzi wa kuyatibu. Hospitali ya Moi, ya mafunzo na rufaa, ina idara ya afya ya akili, na kuwapeleka huko ni sehemu ya kazi.

Chakula kisisahaulike. Mtoto aliyeamka kabla ya jua na kula githeri ya shule saa saba hawezi kusoma saa kumi na moja bila kitu tumboni. Uji wa wimbi au chai na mandazi ni gharama ndogo kuliko vitabu, na mara nyingi kina mama wenyewe watapika kwa zamu ukiwanunulia unga na sukari. Wazazi wanaoweza kuchangia wachangie, lakini asiyeweza asijulikane mbele ya wengine.

Msimamizi awe na daftari moja la mahudhurio na faili moja kwa kila mtoto. Faili hiyo iwe na tahajia ya jina iliyokubaliwa, nakala za hati, namba ya usajili ya KNEC, ripoti za kila muhula, matokeo ya vipimo vya kusoma, na namba mbili za simu, moja ya Kenya na moja ya nchi alikotoka. Kila Januari mzikague pamoja na mzazi: pasi ya mwanafunzi inaisha lini, mtihani gani unakuja, nani hajasajiliwa. Familia hizi huhama. Kodi ikipanda huenda Kitale. Mambo yakitulia hurudi Juba, wakati mwingine katikati ya muhula na kwa taarifa ya siku mbili. Mtoto anapoondoka, mwombee shuleni barua ya uhamisho, utoe nakala ya faili nzima ibaki kabatini, na ile ya asili umkabidhi mama mkononi, ikiwa na orodha ya kilichomo na sahihi za wote wawili.